Vyura Wameshaanguka, Sasa Mtazame Claudia

Swali: *Mwalimu, juzi mimi na mume wangu tuliangalia Magnolia, ile filamu ya saa tatu ya Paul Thomas Anderson. Nilinaswa kabisa mpaka vyura walipoanza kunyesha. Mume wangu akacheka, akasema mwandishi alikosa namna ya kuimaliza. Mimi sikucheka, lakini nashindwa kumweleza kwa nini. Vyura wale wana maana gani? Na yule binti anatabasamia nini pale mwisho?*

Dada, mwambie shemeji kwamba hayuko peke yake. Filamu ilipotoka mwishoni mwa 1999, watu wengi waliokwishavumilia dakika mia moja na themanini za machozi waliona wamefanyiwa mzaha. Na ana hoja kidogo, kwa hiyo nianze upande wake.

Hadithi ya mhusika mmoja inajimaliza yenyewe: alitaka kitu, akakipata au akakikosa, taa ziwashwe. Hadithi ya watu kumi wanaopishana katika jiji moja kwa siku moja haina mlango wa kutokea. Ukimmaliza mmoja, tisa bado wananing'inia. Ndiyo maana waandishi wa filamu za namna hii huwa na hamu ya kutafuta kitu kikubwa kitakachowagusa wote kwa mpigo. Robert Altman alifanya hivyo katika Short Cuts mwaka 1993, jiji lilelile la Los Angeles, na alichochagua ni tetemeko la ardhi. Anderson alimpenda Altman na hakuwahi kuficha. Kwa hiyo mumeo akisema hii ni mbinu ya kuwakusanya wahusika, amesema kweli. Anapokosea ni kudhani kwamba mbinu ilikuja dakika za mwisho kwa sababu ya uchovu.

Rudini mwanzo, mtaona imepandwa kila mahali. Kabla hadithi haijashika kasi, maandishi ya utabiri wa hali ya hewa yanajitokeza kwenye kioo: mawingu kiasi, uwezekano wa mvua asilimia 82. Kwenye studio ya kile kipindi cha chemsha bongo, mtu mmoja kati ya watazamaji ameinua bango lililoandikwa Kutoka 8:2. Nambari 8 na 2 zimetawanywa katika filamu nzima, na wapo watu waliojipa kazi ya kuziwinda moja moja. Mimi sikushauri, utakosa sura za waigizaji. Ishara ninayoipenda zaidi haina nambari. Ni ya yule mtoto Dixon, anayemghania askari Jim Kurring kule mwanzoni. Ndani ya mistari yake anamwambia kwamba jua likishindwa kazi, Mungu huleta mvua. Jim hasikilizi, anamwona mtoto mkorofi tu. Na sisi hatukusikiliza.

Sasa hiyo Kutoka 8:2. Ndiyo aya ambayo Farao anaonywa kwamba akikataa kuwaachia watu waende zao, nchi yake yote itapigwa kwa vyura. Ukiisoma pembeni ya filamu, inashawishi sana, kwa sababu Magnolia imejaa wazazi walioshikilia watoto wao kama Farao alivyowashikilia Waisraeli. Wamo wanaokula jasho la watoto, wamo waliowaumiza na hawataki kukiri. Lakini usikimbilie kufunga mjadala hapo. Kwanza, vyura wa Misri hawakuanguka kutoka mbinguni. Walipanda kutoka mtoni, wakaingia majumbani, vitandani na kwenye vyombo vya kukandia unga. Pili, Anderson mwenyewe alieleza kwamba wazo la vyura hakulitoa kwenye Biblia. Alilitoa kwa Charles Fort, Mmarekani aliyefariki 1932, ambaye alitumia maisha yake kukusanya taarifa za mambo ambayo sayansi ya siku zake iliyaweka kando, zikiwemo za samaki na vyura kunyesha kama mvua. Habari za Kutoka alikuja kuzijua baadaye, na ndipo akaanza kutawanya zile 8 na 2.

Naona jambo hilo ni la maana kuliko linavyoonekana. Kama chanzo kingekuwa Biblia, vyura wangekuwa adhabu, na tungekuwa na haki ya kuuliza nani ameadhibiwa kwa kosa gani. Fort haulizi hivyo. Fort anasema tu: haya yametokea, yameandikwa, mnayaonea aibu. Na ndivyo anavyosema mtoto Stanley, mshindani wa kile kipindi cha chemsha bongo, aliyejifungia katika maktaba ya shule usiku ule, vivuli vya vyura vikipita ukutani. Wakati watu wazima wote wanapiga kelele, yeye anatazama kwa furaha tulivu na kujisemea kwamba mambo haya hutokea. Siku mkiirudia filamu, isimamisheni pia nyumbani kwa Claudia, yule binti uliyeniuliza, mtazame picha iliyo ukutani. Pembeni yake, kwa herufi ndogo sana, yameandikwa maneno yenye maana ya "lakini kweli ilitokea".

Hapa nitakuomba uvumilivu, maana siwezi kueleza mwisho bila kupitia vile visa vitatu vya ufunguzi. Msimulizi anatuambia habari tatu za ajabu na kusisitiza kwamba haziwezi kuwa sadfa tupu. Cha kwanza ni cha watu watatu walionyongwa kwa mauaji yaliyofanyika mahali paitwapo Greenberry Hill, na majina yao yalikuwa Green, Berry na Hill. Filamu inakiweka mwaka 1911. Kisa halisi ni cha zamani zaidi: London, 1678, aliuawa hakimu aliyeitwa Sir Edmund Berry Godfrey, na watu watatu wenye majina hayohayo wakanyongwa mwaka uliofuata. Ambacho filamu haisemi ni kwamba walinyongwa kwa ushahidi wa uongo, na shahidi mkuu baadaye alikiri kwamba alidanganya chini ya kiapo. Yaani majina yalilingana kwa namna ya kutisha, na bado watu hawakuwa na hatia. Cha pili, cha mpiga mbizi aliyekutwa juu ya mti baada ya ndege ya zimamoto kuteka maji ziwani, ni katika zile hadithi zinazozunguka mijini ambazo kila mtu ameambiwa na rafiki wa rafiki. Cha tatu, cha kijana anayejirusha kutoka darini na kupigwa risasi akiwa hewani na mama yake mwenyewe, kilitungwa na mtaalamu wa uchunguzi wa vifo, Don Harper Mills, aliyekisimulia mwaka 1987 ili kuwachemsha wenzake vichwa: je, hapa ni kujiua au ni kuua?

Unaona mchezo? Msimulizi anaapa kwamba yote ni kweli, kumbe kimoja ni nusu kweli, kingine uvumi, kingine zoezi la darasani. Anderson anatutega tuanze kutafuta maana kwenye sadfa. Lakini kitazame tena kile cha tatu. Kijana alichoshwa na ugomvi wa wazazi wake, ambao walizoea kutishiana kwa bunduki isiyo na risasi. Yeye ndiye aliyeitia risasi kwa siri, akitaraji wamalizane. Wavu wa usalama chini ungemwokoa. Risasi aliyoipakia mwenyewe, ikalengwa na mama kwa baba, ikampata yeye alipopita dirishani. Ajabu yote ya kisa hicho imesimama juu ya jambo moja la kawaida kabisa: mtoto aliyeshindwa kuvumilia nyumba ya wazazi wake. Filamu nzima ni hilo, mara nyingi, kwa sura tofauti.

Kwa hiyo ukiniuliza vyura wana maana gani, nitakujibu kwa swali lililonisaidia mimi: kila mtu alikuwa anafanya nini sekunde ile chura wa kwanza alipoanguka?

Donnie Smith, aliyekuwa bingwa wa chemsha bongo utotoni na ambaye wazazi wake walizila pesa zake, alikuwa juu ya nguzo. Ameiba fedha za mwajiri wake ili alipie waya za meno asizozihitaji, akidhani zitampendeza mhudumu wa baa anayempenda. Njiani amejuta, anataka kuzirudisha, lakini ufunguo ulishamvunjikia mlangoni. Chura anamgonga, anaanguka kifudifudi, meno yanavunjika. Sasa anahitaji daktari wa meno kweli. Nacheka kila mara, nakiri, na kila mara najisikia vibaya kwa kucheka. Ila angalia nani anamwokota: Jim, askari ambaye mchana kutwa amekuwa akiomba Mungu amwoneshe namna ya kufanya kazi yake vizuri, na ambaye siku hiyohiyo alipoteza bastola kwenye mvua akawa kichekesho kwa wenzake. Mwizi yuko mikononi mwake. Jim anamsaidia kurudisha pesa, kisha anamwacha aende zake. Ikumbuke ile aya ya Farao ukipenda. Mimi naona ni mtu aliyeshikilia sheria mkononi na kwa mara ya kwanza akajiuliza ni kipi kinasameheka.

Linda, mke wa Earl, amemeza vidonge, yuko kwenye gari la wagonjwa. Gari linateleza juu ya vyura na kupinduka, lakini linapindukia mlangoni mwa hospitali. Earl, mzee wa televisheni anayekufa kwa saratani, anafumbua macho mara ya mwisho na kumkuta mbele yake mwanawe Frank, ambaye Earl alimkimbia angali kijana na kumwachia mzigo wa kumuuguza mama hadi kifo. Frank ametoka kumtukana na kulia kwa pumzi moja. Hawapati mazungumzo ya kupatana. Wanapata kutazamana. Anderson alimpoteza baba yake, naye mtu wa televisheni, kwa saratani mwaka 1997, na sishangai kwamba kitanda hicho ndicho mahali ambapo filamu haina ujanja wowote.

Halafu yupo Jimmy Gator. Huyu nitakaa naye, kwa sababu hapa ndipo wanaosema vyura ni baraka wanapokwama, na wanaosema ni laana wanakwama pia.

Jimmy ni mtangazaji wa chemsha bongo, kipenzi cha taifa, naye anakufa kwa saratani. Mkewe Rose anamuuliza kwa nini binti yao Claudia hataki hata kumwona. Jimmy anajibu kwamba Claudia anaamini alimgusa vibaya. Rose anamuuliza kama ni kweli. Anasema hajui. Hasemi hapana, anasema hajui. Rose anaelewa, anamwambia anastahili kufa peke yake, anachukua gari kwenda kwa bintiye. Jimmy anabaki jikoni na bastola kichwani. Chura anatoboa kioo cha paani, anamgonga, risasi inapiga televisheni, cheche, moto.

Nimewasikia watu wakisema: tazama, hata yeye ameokolewa. Si hivyo. Jimmy amenyimwa njia ya mkato. Yule mtu mwingine anayekufa, Earl, alitumia pumzi zake za mwisho kumsimulia muuguzi wake Phil jinsi alivyomtenda mke wa kwanza, kwa maneno yake, bila kujificha. Jimmy alipopewa nafasi hiyohiyo alichagua "sijui". Chura mmoja tu, na hakumfanyia wema wala ubaya; alimrudisha mahali alipokuwa anatoroka. Baada ya hapo filamu haitupi neno la Jimmy tena. Na kilichoharibika kwa risasi yake ni televisheni, chombo kilichomfanya apendwe na watu wasiomjua. Sitalizungumzia zaidi, liko wazi mno, na Anderson kwa bahati analipitia haraka.

Stanley sasa. Mtoto huyu mwenye akili alinyimwa ruhusa ya kwenda msalani katikati ya kipindi, akajikojolea mbele ya kamera, akakataa kuendelea. Usiku ule wa vyura anatoka maktaba, anakwenda chumbani kwa baba yake na kumwambia, bila kupaza sauti, kwamba inabidi awe mwema zaidi kwake. Baba anamwambia akalale. Stanley anarudia. Baba anamwambia tena akalale.

Basi. Hakuna kukumbatiana. Mbingu zimefunguka juu ya San Fernando Valley, upande wa Los Angeles wanakoishi watu hawa, barabara zimejaa damu na matumbo ya vyura, na baba huyu hajabadilika hata kidogo. Ukitaka ushahidi kwamba vyura si fimbo ya miujiza iliyomaliza hadithi kwa niaba ya mwandishi, umfungulie mumeo mandhari hiyo. Vyura hawajamaliza hadithi ya mtu yeyote. Wamewasimamisha wote kwa dakika chache, kila mmoja pale alipokuwa, kama vile umeme unavyokatika nyumba yenye ugomvi na watu wakajikuta kimya gizani. Umeme ukirudi, wengine wanaendelea na ugomvi. Mmoja, mtoto wa miaka kumi hivi, ameongea.

Hapo ndipo Anderson anapoachana na tetemeko la Altman. Katika Short Cuts ardhi inatikisika, watu wanaona limepita, maisha yanaendelea na siri zao. Katika Magnolia filamu haiishii kwenye tukio. Bado kuna asubuhi. Utabiri wa hewa unatokea mara ya mwisho kutuambia mvua inakatika. Donnie anarudisha pesa. Frank anakwenda hospitalini alikolazwa Linda, mama wa kambo ambaye hana sababu ya kumpenda. Hata bastola ya Jim inaanguka kutoka angani mbele yake, jambo ambalo hata mimi, mtetezi wa vyura, naliona limezidi chumvi.

Na hatimaye Claudia. Wewe umeuliza anatabasamia nini, na nadhani moyoni ulishajibu, ndiyo maana hukucheka.

Kumbuka alivyoachana na Jim mgahawani, usiku waliotoka pamoja mara ya kwanza. Waliahidiana kuambiana ukweli ambao watu huuficha wanapoanza kuchumbiana. Jim akatimiza: akamweleza habari ya bastola iliyopotea, aibu yake yote mezani. Claudia akashindwa. Akamuuliza, sasa kwa kuwa tumeshakutana, utajali tusipoonana tena? Maneno hayo yametoka katika wimbo wa mwimbaji Aimee Mann, na Anderson amesema kwamba hapo ndipo filamu ilipoanzia kichwani mwake: mtu aliyeumizwa kiasi kwamba akipendwa anakimbia. Hadithi zote nyingine zilikuja kuzunguka sentensi hiyo moja. Kwa hiyo mwisho wa filamu usingekuwa vyura hata kidogo. Ungekuwa jibu la swali la Claudia.

Usiku ule vyura walipoanguka, alikuwa peke yake na kokeni na hofu. Mama yake alifika kupitia mvua hiyo, wakaanguka chini wakikumbatiana. Ni mara ya kwanza mtu wa nyumba yao kumwendea badala ya kumwuliza kwa nini amekuwa hivyo. Jambo lile alilotendewa halikufutika, na filamu haijifanyi kwamba limefutika. Kuna sentensi inayorudiwa na wahusika tofauti humu ndani, kwamba sisi tunaweza kuwa tumemalizana na yaliyopita, lakini yaliyopita hayajamalizana nasi.

Asubuhi Claudia amekaa kitandani, amejifunika, macho yamevimba. Wimbo wa Mann, ule unaoomba kuokolewa, unaanza. Jim anaingia na kuketi kando yake, anaongea. Sikilizeni vizuri na mumeo, mkipandisha sauti: maneno yake yamefunikwa kwa makusudi na muziki, unayanasa kwa vipande. Anamwambia kwamba yeye ni mtu mwema, kwamba hatamwacha aondoke, kwamba hataruhusu ajiseme vibaya. Mwandishi aliyetuwekea hotuba ndefu za kila aina kwa saa tatu anatunyima hii moja. Si yetu. Kamera haihangaiki na mwenye kusema, inabaki usoni kwa anayeambiwa, ikimsogelea polepole. Melora Walters, anayemwigiza Claudia, anafanya kazi ngumu sana hapo bila neno hata moja: anakataa kuamini, anakaribia kulia, anayazuia.

Halafu anainua macho. Hamtazami Jim. Anatutazama sisi, moja kwa moja ndani ya kamera, na anatabasamu, muda usiotosha hata kuvuta pumzi, na picha inakatika.